UZI: Mathias Kiwanuka, misimu 9 kwenye mstari wa mbele wa New York Giants. Tusiishie kwa babu yake tu

#1 MwanaKagera (mtoa uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila jina la Mathias Kiwanuka likitajwa humu, maelezo huishia mstari mmoja: "yule mjukuu wa Ben Kiwanuka aliyecheza mpira Marekani." Basi. Mtu kacheza misimu 9 NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ana pete mbili za ubingwa, halafu tunamtambulisha kwa babu peke yake. Na Wamarekani ninaofanya nao kazi huku New Jersey wana kosa lao. Wanafungua takwimu, wanaona seki 38.5, wanasema alikuwa mchezaji wa kawaida, mjadala umefungwa. Mimi nimemfuatilia tangu 2006 na sikubaliani na upande wowote. Nitaandika kwa vipande kwa sababu nafanya zamu ya usiku. Asiyeujua mchezo asikimbie, nitaeleza.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa hutaelewa alichopitia.

Kila upande una watu 11. Wenye mpira wanapewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Anayeendesha mashambulizi ni kwotabeki, ndiye anayerusha mpira. Mbele yake wanasimama wazibaji 5, mabonge ya watu, kazi yao asiguswe. Sasa upande wa pili, uso kwa uso na wazibaji hao, kuna watu wanne wa mstari wa mbele wa ulinzi. Wawili wa katikati ni wazito zaidi, wanaziba njia. Wawili wa pembeni wanaitwa endi. Endi anatakiwa amzunguke au amsukume mzibaji aliye mbele yake, amfikie kwotabeki na kumwangusha kabla mpira haujatoka mkononi. Ukimwangusha nyuma ya mstari umepata seki moja. Mkimwangusha wawili mnagawana nusu nusu, ndiyo maana unaona hiyo .5 kwenye takwimu.

Kiwanuka alikuwa endi. Urefu kama mita 1.96, uzito kilo 120 hivi.

Agosti 2009 nilipanda basi hadi Albany, ambako Giants walikuwa wanaweka kambi ya mazoezi. Nikasimama kwenye uzio, hatua kama kumi na tano kutoka walipokuwa watu wa mstari. Kwenye televisheni huoni kitu. Pale niliona. Anainama, mkono mmoja chini, ncha za vidole zimegusa nyasi, kisigino cha mguu wa nyuma kimeinuka. Macho hayamtazami mtu aliye mbele yake, yanatazama mpira. Mpira ukitikisika tu, anatoka. Hatua ya kwanza ndefu na ya chini, ya pili inakanyaga karibu na mguu wa mzibaji, na hapo hapo mikono inagongana. Yule anataka kumshika kifuani, yeye anampiga kwenye kiwiko au kifundo cha mkono ili ule mshiko usikae. Mlio wake ni kama mtu anapiga godoro kwa ubao. Toka mpira utoke chini hadi kurushwa ni sekunde mbili na nusu, tatu. Kisha wanarudi, wanainama tena. Nilihesabu mara kumi na saba mfululizo, jua la saa nane mchana, na mwalimu alisahihisha kitu kimoja tu: vidole. Alikuwa anaegemea mkono mno, uzito umelala mbele, kwa hiyo akitoka anapoteza nusu hatua.

Mtu wa kilo 120 anasahihishwa vidole. Siku ile ndipo nilipoupenda mchezo huu kwa moyo wote.

Naendelea kesho.

#2 Kabaka_Njagala

Ssebo, asante sana kwa uzi huu. Niko Kampala. Ruhusu nijazie upande wa babu kidogo, ili tukimaliza tumalize vizuri, usije ukaambiwa umemruka.

Benedicto Kiwanuka alikuwa kiongozi wa chama cha DP. Alishinda uchaguzi wa 1961, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, kabla ya uhuru kamili. Aprili mwaka huo huo akashindwa uchaguzi, Obote akachukua. Baadaye Obote alimfunga. Amin alipopindua 1971 akamtoa na kumfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukalia kiti hicho. Hakukaa kwa kunyamaza. Septemba 1972 aliamuru Mwingereza mmoja aliyeshikiliwa na jeshi aachiwe, akasema wazi kwamba jeshi halina mamlaka ya kukamata watu namna ile. Tarehe 21 mwezi huo huo wakaja kumchukua Mahakama Kuu, asubuhi, ofisini kwake. Hakurudi.

Sanamu yake iko pale Mahakama Kuu, na kila Septemba mahakama inaandaa mhadhara wa kumkumbuka.

Na jambo jingine dogo. Kwetu Buganda, Kiwanuka ni lubaale, yaani mungu wa jadi, wa radi na umeme. Ukisema endi anatakiwa afike kabla mpira haujatoka, naona jina limekaa mahali pake.

#3 MwanaKagera

Mkuu wa Kampala, shukrani. Hiyo Septemba 1972 mimi naijua kwa upande mwingine wa mpaka. Tarehe 17 wapiganaji wa Obote walivuka kuingia Uganda kutokea kwetu, wakashindwa, na ndege za Amin zikaja kupiga mabomu Bukoba. Baba alikuwa kijana, alikimbilia migombani na mdogo wake. Siku nne baada ya uvamizi ndipo wakamchukua Jaji Mkuu. Kwa hiyo jina hilo nililisikia nyumbani mapema sana, na nilipohamia huku 2005, mwaka uliofuata nikalisikia likitangazwa kwenye televisheni ya Marekani kwenye uteuzi wa wachezaji wapya, nilisimama katikati ya sebule.

Tuendelee na kijana.

Mathias alizaliwa Indianapolis 1983, wazazi wake wakiwa wametoka Uganda. Akasoma Cathedral High School pale pale mjini, kisha Boston College. Chuoni aliweka rekodi ya chuo, seki 37.5. Mwaka 2004 alichaguliwa mlinzi bora wa kanda yao ya Big East.

Uteuzi wa 2006. Giants walikuwa na zamu ya 25, wakaiuza kwa Pittsburgh Steelers ili wapate zamu ya 32 na nyingine mbili za raundi za chini. Zamu ya 32, ya mwisho kwenye raundi ya kwanza, wakamchukua Kiwanuka. Sasa angalia aliwakuta nani. Michael Strahan, ambaye 2001 alipata seki 22.5 kwa msimu mmoja, rekodi ya ligi wakati ule. Osi Umenyiora, mtoto wa wazazi wa Kinaijeria aliyezaliwa London. Na Justin Tuck, aliyechukuliwa mwaka mmoja kabla yake. Watatu, wote endi, na nafasi uwanjani ni mbili.

Yaani kabla hajavaa viatu tayari alikuwa mtu wa nne kwenye foleni. Shikeni hapo, ndiyo hoja yangu nzima.

Msimu wa kwanza Strahan na Umenyiora wote waliumia, kijana akajikuta anacheza kuliko ilivyopangwa. Na hapo ndipo ikatokea ile ya Nashville.

#4 Omosh254

Boss usituachie hapo! Ile ya Nashville ni gani? Mimi huku Nairobi niliijua NFL kupitia Daniel Adongo, Mkenya wa kwanza kucheza ligi hiyo. Alitoka raga, hakuwa amewahi kucheza mchezo huo hata siku moja, Indianapolis Colts wakamsaini 2013. Kwa hivyo ya 2006 siijui kabisa.

#5 MwanaKagera

Omosh, pole kwa kukuweka. Nilikuwa nalala.

Ni Jumapili, tarehe 26 Novemba 2006. Giants wako ugenini Nashville, kwa Tennessee Titans. Robo ya mwisho inaanza wanaongoza 21 kwa 0. Nilikuwa kwa rafiki yangu mmoja tuliyefanya naye kazi ghalani, ndiye aliyenifundisha mchezo. Aliinuka kwenda kuosha vyombo akijua imekwisha.

Titans wakaanza kurudisha. 21 kwa 7. 21 kwa 14. Zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu, wana jaribio la 4 na wanahitaji yadi 10. Wakikosa, mechi imeisha. Kwotabeki wao ni Vince Young, naye ni mwaka wake wa kwanza, kijana mrefu mwenye mbio.

Kiwanuka anampita mzibaji. Anamfikia Young. Anamkumbatia kwa mikono miwili kiunoni, amemshika kabisa, kifua kwa mgongo. Rafiki yangu alitoka jikoni akipiga makofi, sabuni mikononi.

Na Kiwanuka akamwachia.

Akafungua mikono, akarudi nyuma. Young alikuwa bado na mpira. Akageuka, akakimbia, akapata yadi alizohitaji na zaidi. Titans wakafunga, 21 kwa 21. Kisha Eli Manning akarusha mpira ukadakwa na adui, na Rob Bironas akapiga teke la yadi 49. 24 kwa 21. Mechi imepotea.

Baada ya mechi Kiwanuka alieleza kwamba alidhani mpira umekwisha kurushwa. Na hapa ndipo watu wanapocheka bila kuelewa. Sheria inasema ukimpiga kwotabeki akiwa amekwisha kurusha, timu yako inaadhibiwa yadi 15 na wapinzani wanaanza upya majaribio yao manne. Vilevile mwamuzi akiona kwotabeki ameshikwa hawezi kufurukuta, anaweza kupuliza filimbi palepale. Msimu ule waamuzi walikuwa wakali kwa hilo. Kijana wa miaka 23, uso wake umebanwa mgongoni mwa mtu, mpira haoni, anasikia mkono wa yule unakwenda mbele kama anarusha. Ana nusu sekunde. Akiendelea kumbana na mpira umeondoka, timu imeadhibiwa na lawama ni zake. Akiachia na mpira bado upo, lawama ni zake pia. Aliachia.

Nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sijawahi kuona uzembe. Naona mtu aliyefundishwa asimuumize kwotabeki, akatii, na utii ukamgharimu.

Magazeti ya New York yalimchana. Ungeona vichwa vya habari vya Jumatatu ungedhani kaiba.

#6 MzeeWaTakwimu

Mleta uzi unaandika vizuri ila unampamba mno. Tuwe wakweli. Strahan alimaliza na seki 141.5. Umenyiora 85. Tuck 66.5. Kiwanuka 38.5 kwa misimu 9. Hiyo ni wastani wa 4 na kidogo kwa msimu. Kwa mchezaji wa raundi ya kwanza ni chini ya matarajio. Namba hazina upendeleo.

#7 MwanaKagera

Mzee wa Takwimu, nimefurahi umeziweka, maana nilikuwa nazisubiri. Hebu tuzifungue mwaka kwa mwaka, wewe na mimi.

2006: seki 4. Alikuwa endi, tena wa akiba aliyeingizwa kwa majeruhi.

2007: 4.5. Mwaka huu hakuwa endi. Walimwondoa kwenye mstari wakampeleka nyuma kucheza lainibeka, kwa sababu pembeni pamejaa. Lainibeka anasimama wima, hatua kadhaa nyuma, anasoma mchezo, anakimbizana na wadakaji, anaziba mapengo. Nafasi za kumkimbilia kwotabeki ni za kuhesabu. Ni sawa na kumchukua mshambuliaji wa kati ukamwambia cheza beki ya kulia, halafu mwisho wa mwaka umuulize mabao. Tena hakumaliza msimu. Novemba, kule Detroit, alivunjika mfupa mwembamba wa mguu.

Timu ikaendelea bila yeye. Tarehe 3 Februari 2008 Giants waliwafunga New England Patriots 17 kwa 14 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, Patriots waliokuwa wameshinda mechi zote 18 za mwaka ule. Tom Brady aliangushwa mara 5 na ulinzi ule. Ilikuwa siku kubwa kuliko zote kwa watu wa mstari wa mbele wa Giants, na Kiwanuka alikuwa mmoja wao asiyeweza kuingia uwanjani. Pete alipewa. Ila mimi nadhani kila mchezaji anajua tofauti ya pete ya kutazama na pete ya kucheza.

2008: seki 8. Strahan kastaafu Juni. Umenyiora akachanika goti Agosti kwenye mechi ya maandalizi, msimu wake ukaisha kabla haujaanza. Wakamwita Kiwanuka: rudi kwenye mstari. Wiki mbili kabla ya ligi! Alicheza mechi zote 16, timu ikashinda 12. Huo ndio mwaka pekee wa ujana wake alioachwa mahali pamoja toka mwanzo hadi mwisho akiwa mzima, na ndio mwaka wake bora. Hiyo namba nayo haina upendeleo, mzee wangu.

2009: 3. Umenyiora karudi, wanagawana dakika.

2010: 4 kwa mechi 3 tu. Kisha shingo. Nitarudi hapo.

2011: 3.5. Giants walikuwa wamemchukua Jason Pierre-Paul, ambaye mwaka ule alipata 16.5. Kiwanuka akarudishwa kuwa lainibeka. Alicheza mechi zote 16.

2012: 3, mara lainibeka, mara mstari. 2013: 6, amerudi endi, ana miaka 30. 2014: 2.5, goti likakataa. Machi 2015 wakamwachia.

Jumlisha, ni 38.5. Sasa niambie mtu aliyehamishwa hivyo ulitaka alete ngapi.

Na niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Ghala nililofanyia kazi miaka ile walikuwa wanatupima kwa idadi ya maboksi kwa saa. Nilikuwa upande wa kupakia, namba zangu nzuri. Wakanihamishia marejesho kwa sababu hakuna aliyeijua kazi ile, na kule boksi moja linakula dakika sita. Mwisho wa mwezi nikaitwa ofisini, karatasi iko mezani, namba imeshuka. Msimamizi aliyenihamisha ndiye aliyenionyesha ile karatasi. Nilirudi nyumbani asubuhi ile nikakaa garini muda mrefu bila kuzima injini. Kwa hiyo mtu akiniambia "38.5" bila kusema alikuwa amesimama wapi, siwezi kunyamaza.

#8 MzeeWaTakwimu

Hoja ya 2008 naikubali. Mechi 16, nafasi moja, seki 8. Ningekuwa na data ya dakika alizocheza kama endi kila mwaka ningepiga hesabu upya. Endelea na 2011, hasa fainali.

#9 Omosh254

Na useme pia kuhusu Indianapolis. Naona inarudi rudi kwa hii story.

#10 MwanaKagera

Omosh umeona mbali. Super Bowl ya msimu wa 2011 ilichezwa tarehe 5 Februari 2012, uwanja wa Lucas Oil, Indianapolis. Mji aliozaliwa. Mji aliosoma sekondari. Wapinzani ni wale wale, Patriots, kwotabeki yule yule, Brady. Miaka minne kabla aliitazama kwa mguu mbovu. Safari hii alianza mechi.

Alianza kama lainibeka, si kwenye mstari. Mpira wa kwanza kabisa wa Patriots, Tuck alimfikia Brady ndani ya eneo lake la mwisho, Brady akautupa mpira hovyo, Giants wakapata pointi 2. Mechi ikaisha 21 kwa 17. Ukiitazama tena, usifuate mpira. Mfuate namba 94. Utaona kazi ambayo haiandikwi popote: anagongana na mzibaji kwenye ukingo ili mkimbiaji wa Patriots asipate njia ya nje, ageuke arudi katikati walikojaa wenzake. Anayemwangusha anaandikwa. Aliyemgeuza haandikwi.

Sijui neno zuri la Kiswahili la kazi hiyo. Kwetu Kagera kwenye kuwinda na mbwa kuna wanaokaa pembeni mwa msitu ili mnyama asitoroke, na nyama hugawiwa wao pia sawa na mwenye mkuki.

#11 Mama Neema

Kaka MwanaKagera, habari yako. Mimi si mtu wa michezo, nimefika hapa kwa kutafuta. Natokea Kigoma, tunaishi Columbus, Ohio. Kijana wangu ana miaka 15, amekuwa mrefu kuliko baba yake, ana kilo 104. Mwalimu wa shule anamtaka kwenye huo mstari wa mbele wa ulinzi, ameniletea fomu ya kusaini. Fomu iko juu ya friji wiki ya pili sasa. Umesema "kisha shingo" halafu ukapita. Naomba usipite. Ilikuwaje hiyo shingo?

#12 MwanaKagera

Dada Mama Neema, shikamoo kama umenizidi, na samahani kwa kupita haraka. Nimesoma ujumbe wako mapumzikoni nikaona nijibu nikifika nyumbani nimetulia.

Kati ya pingili za shingo kuna visahani laini vinavyozuia mifupa kusagana. Mwaka 2010, baada ya mechi ya tatu, kisahani kimoja cha Kiwanuka kilikutwa kimetokeza nje ya mahali pake. Kikitokeza kinaweza kubana mishipa ya fahamu. Alikuwa ameanza msimu kwa kasi kuliko msimu wowote, seki 4 kwa mechi 3, na akasimamishwa, hakucheza tena mwaka ule. Watu walisema pengine ndiyo mwisho. Mwaka uliofuata akarudi, akamaliza msimu mzima.

Kwa nini shingo? Kwa sababu mtu wa mstari anagongana na mwenzake kila mpira unapoanza. Mdakaji anaweza kukimbia nusu saa bila kuguswa. Mtu wa mstari hapati mapumziko hayo. Hata akicheza vizuri kabisa, mgongano upo. Sitakudanganya kwamba ni mchezo salama.

Mimi si daktari, ila haya ni ya kumuuliza mwalimu kabla hujasaini. Anafundisha mikono itangulie au kichwa? Mtu wa mstari aliyefundwa vizuri anatanguliza mikono, macho yanaangalia mbele, kidevu juu. Akiinamisha kichwa na kugonga kwa utosi, shingo ndiyo inayobeba uzito wote. Nenda ukatazame mazoezi mwenyewe, simama kwenye uzio, utaona kwa macho. Uliza kama kuna mtaalamu wa afya uwanjani siku za mazoezi, si siku za mechi tu. Na mwambie kijana, kwa maneno ya nyumbani anayoyaelewa: ukisikia ganzi au kitu kama umeme kinashuka begani hadi mkononi, unatoka uwanjani muda huo huo, humwombi mtu ruhusa. Wengi wanaficha kwa kuogopa kupoteza nafasi. Kichwa nacho vivyo hivyo, akigongwa akaona kizunguzungu, amemaliza kwa siku hiyo.

Akijibiwa kwa dharau, usisaini.

#13 Kabaka_Njagala

Mama Neema, kaka amesema yote. Niongeze tu, mpeleke kijana asome habari za mzee Benedicto pia. Asijue mpira peke yake.

#14 Mama Neema

Shikamoo imepokelewa, marahaba.

Nilienda Jumanne na Alhamisi. Mwalimu alikuja mwenyewe pale uzioni akanieleza. Mikono kwanza, kama ulivyosema, na kuna dada wa huduma ya kwanza anakuwepo kila siku. Mtoto mmoja aliinamisha kichwa, akasimamisha mazoezi ya wote akamrudisha mara nne hadi akapatia. Nimesaini. Usiku sijalala vizuri, lakini nimesaini.

Nilimwonyesha kijana ile mechi ya Nashville kwenye simu. Akairudisha, akairudisha tena. Hakucheka. Akasema, "Mama, hakuwa anauona mpira." Mimi sikuwa nimemwambia.

Jana nimemkuta sebuleni kainama, mkono kwenye zulia, mdogo wake Neema anapiga kofi na yeye anatoka. Nikamwambia mjomba wa New Jersey kasema usiegemee mkono, vidole viguse tu. Akajaribu. Akaniambia ni kweli, anatoka haraka.

Halafu nikamsimulia ya babu, Jaji Mkuu, kama yule ndugu wa Kampala alivyoshauri. Alisikiliza huku ameinama vilevile, kisigino juu. Nilipofika pale walipomchukua ofisini, akainuka akakaa chini, akauliza, "Walimpata?"

Nikamwambia hawakumpata. Hadi leo kaburi lake halijulikani.

Akakaa kidogo. Kisha akaniomba nimtajie jina lote, akaliandika kwenye daftari lake la shule.